Chekeche Moja, Kahawa Mbili: Kulinganisha Lugha za Programu kwa Vipimo vya Klasi

Hotuba hii ilitolewa Moshi mbele ya waandishi wa programu, wanafunzi wa kompyuta na viongozi wa vyama vya ushirika. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi wetu, wazee wa ushirika mliokubali kuja kutusikiliza ingawa leo hatuzungumzii bei ya kahawa, na ninyi vijana mnaoandika programu katika mji huu: wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu kwa heshima.

Nilipoalikwa nilipewa swali moja tu. Kati ya Java, Python na C++, ni lugha ipi inayozaa programu iliyosanifiwa vizuri zaidi, na je, jambo hilo laweza kupimwa kwa namba badala ya kubishaniwa vijiweni? Nimelipenda swali hilo, hasa kipande chake cha mwisho, kwa sababu ubishi wetu juu ya lugha za programu unafanana mno na ubishi wa Simba na Yanga: kila mtu amekwisha kuamua kabla hajaketi. Namba zipo. Zinahesabika, na mimi mwenyewe nazitumia kila wiki. Lakini namba ileile, ikivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, huacha kusema jambo lilelile, na anayelinganisha lugha bila kulijua hilo atailaumu lugha kwa kosa la msanifu, au atamsifu msanifu kwa zawadi aliyopewa na lugha.

Twendeni kwanza kiwandani. Wengi wenu mmewahi kuingia mahali kahawa inapokobolewa, au angalau mmepita nje msimu ukiwa umepamba moto na kusikia mtikisiko wa mitambo. Kahawa ya maganda ikishakobolewa hupitishwa juu ya machekeche yanayotikisika, na punje kubwa zinazokataa kupita kwenye tundu la takriban milimita 7 ndizo tunazoziita AA. Zinazofuata huwa A, kisha B, na zile za duara zilizokua punje moja moja ndani ya tunda hutengwa zikaitwa PB. Sasa nawauliza wazee, maana mnajua kuliko mimi: je, chekeche limewaambia chochote kuhusu ladha? Ladha huamuliwa na muonjaji, kwa kijiko na kikombe, katika chumba kingine kabisa. Chekeche limepima ukubwa wa punje, na ukubwa una faida yake, kwa kuwa punje zinazolingana hukaangika sawasawa. Lakini limepima hilo tu. Haya, chukueni robusta ya Kagera, ambayo punje zake kwa kawaida ni ndogo na za mviringo kuliko arabika yetu ya mlimani, mkaimwage juu ya machekeche yaleyale. Nyingi zitaanguka chini. Je, mtasema mkulima wa Kagera ni mvivu?

Vipimo nitakavyovizungumzia ni machekeche. Kwa ajili ya wazee, nieleze kinachochekechwa. Mkulima anapojiandikisha chamani hujaza fomu. Fomu tupu inaonyesha ni taarifa zipi zinahifadhiwa na ni hatua zipi zinaweza kufanywa nazo, na fomu iliyojazwa ni ya mtu mmoja mwenye jina na namba yake. Katika programu, ile fomu tupu ndiyo klasi, na zilizojazwa ndizo vitu vinavyozalishwa kutokana nayo. Nasema klasi kwa makusudi, maana nikisema darasa, kuna mwalimu hapa atainua mkono. Hatua zinazoambatana na klasi naziita methodi. Wazo hili lilianzia Norway katika miaka ya 1960, kwenye lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, likachukuliwa na lugha ya Smalltalk, na pia na C++ ya Bjarne Stroustrup, na Java ilipotolewa hadharani mwaka 1995 likawa mazoea ya sehemu kubwa ya waandishi wa programu.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Shyam Chidamber na Chris Kemerer, walichapisha vipimo sita vya klasi ambavyo hadi leo ndivyo vinavyotajwa kwanza. Kimoja huhesabu methodi za klasi pamoja na uzito wake. Kingine hupima kina cha urithi, yaani klasi iko vizazi vingapi chini ya mzizi wa ukoo wake, na kingine huhesabu watoto wake wa moja kwa moja. Kuna kinachohesabu klasi nyingine ambazo klasi hiyo imefungamana nazo, kuna kinachohesabu methodi zote zinazoweza kuamshwa klasi inapopokea ujumbe, na cha sita hupima ukosefu wa mshikamano ndani ya klasi yenyewe. Mimi nitashughulika na vitatu tu, yaani urithi, mfungamano na mshikamano, kwa sababu hapo ndipo lugha zinapotuchezea zaidi.

Jambo linalosahaulika ni kwamba makala yao yenyewe ilibeba lugha mbili. Upande mmoja walikuwa na klasi 634 za C++, zilizotoka kwenye maktaba mbili, yaani mikusanyo ya klasi zilizoandikwa tayari ili wengine wazitumie. Upande wa pili walikuwa na klasi 1,459 za Smalltalk, za kampuni iliyotengeneza vifaa vya elektroniki. Ukizipanga klasi kwa mstari, kuanzia yenye kina kidogo cha urithi hadi yenye kina kikubwa, ile ya katikati ilikuwa na kina cha 1 kwa C++ na 3 kwa Smalltalk. Kwa mfungamano, ya katikati ilikuwa na 0 upande wa C++ na 9 upande wa Smalltalk. Kwa haraka mtu angesema, basi, C++ imeshinda. Imeshinda nini? Katika Smalltalk kila kitu ni kitu cha klasi fulani, hata namba 7, na klasi unayoiandika karibu daima huning'inia chini ya klasi iitwayo Object au chini ya mmoja wa wajukuu wake. C++ haina mzizi wa lazima: klasi inaweza kusimama peke yake kama mtu asiye na ukoo, na kazi nyingi zinaweza kuwekwa kwenye fanksheni zinazoishi nje ya klasi yoyote, mahali ambapo chekeche hili halifiki. Tena moja ilikuwa maktaba na nyingine ilikuwa programu za kazi za kiwandani. Lugha tofauti, kazi tofauti, watu tofauti. Halafu tunataka namba moja ituambie sababu ni ipi kati ya hizo tatu?

Nije kwenye urithi, neno ambalo hapa Uchaggani halihitaji tafsiri. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, hutoka kwa babu kwenda kwa baba, kwenda kwa mwana, na kila kinapogawanywa kinapungua, mpaka leo kuna familia ambazo kihamba chao kinatosha nyumba, migomba michache na makaburi. Urithi wa klasi haumegwi. Mtoto hupewa kila alichokuwa nacho mzazi, kikiwa kizima, na ndugu zake nao hupewa kikiwa kizima vilevile. Ni raha tupu, mpaka siku utakapogundua kwamba madeni nayo hurithiwa mazima, na kwamba anayetaka kuelewa klasi ya kizazi cha sita sharti asome vizazi vitano vilivyotangulia. Hiyo ndiyo sababu ya kupima kina.

Lakini tazameni kinachotokea. Mwambieni kijana mmoja aandike dirisha dogo lenye kitufe kimoja kilichoandikwa Pima. Akitumia Java na maktaba yake ya Swing, klasi yake itarithi JFrame, ambayo imerithi Frame, iliyorithi Window, iliyorithi Container, iliyorithi Component, iliyorithi Object. Kina cha klasi yake ni 6. Akiliandika dirisha hilohilo kwa Python na Tkinter, klasi yake itarithi Tk, ambayo imerithi Misc, iliyo chini ya object. Kina ni 3. Kijana ni yuleyule, kitufe ni kilekile, na katika vizazi vyote hivyo yeye ameandika kimoja tu, cha mwisho. Sita na tatu ni historia ya maktaba mbili, na kijana hakuwepo zilipoandikwa.

Kuna tatizo jingine ambalo nitalipita haraka. Java humruhusu mtoto kuwa na klasi moja tu ya kurithi, wakati Python na C++ huruhusu wazazi wengi, na kwa mujibu wa kanuni ya Chidamber na Kemerer, penye wazazi wengi huhesabiwa njia ndefu kuliko zote hadi kwenye mzizi. Kwa hiyo klasi yenye wazazi watano wasio na wazazi wengine itaonekana ya kina kifupi, tena ya kupendeza, ingawa mtu wa kuisoma atatoka jasho. Kipimo kinaona urefu wa ukoo, upana wake hakiuoni.

Sasa mfungamano, na hapa ndugu zangu naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipoumia mimi mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo tulipata maji ya mgomba kwa zamu, kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, ulioshuka kutoka juu ukipita vihamba vya majirani. Sehemu kubwa ya mfongo ule ilikuwa wazi, lakini ulipofika kwenye masale, mimea ya kuonyesha mpaka wetu, uliingia chini ya njia ndani ya bomba la zege na kutokea upande wa pili. Mgeni akisimama barabarani akaulizwa nyumba ngapi zinategemea maji yale, angehesabu zile alizoona mfereji ukiziingia. Nyumba yetu asingeihesabu. Je, hatukuwa tukitegemea maji? Siku bomba lilipoziba, sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kujua.

Java ni mfongo wa wazi. Nikiandika methodi ya kupokea kahawa, lugha inanilazimisha niseme kwamba ninachopokea ni kitu cha klasi ya Mzani, na ninachorudisha ni kitu cha klasi ya Stakabadhi. Zana ya kupima inayasoma majina hayo mawili na kuhesabu mafungamano mawili. Katika Python naweza kuandika jina mzani kwa herufi ndogo, nisiseme ni la klasi gani, na chochote kinachojua kusoma kilo kitakubaliwa. Zana inayosoma msimbo, yaani maandishi ya programu, bila kuuendesha itaona mafungamano sifuri. Sifuri! Maji yamo, yamepita ndani ya bomba.

Mfumo wangu wa kwanza wa kupokea kahawa kwa Python niliuweka kwenye chama kimoja cha msingi upande wa mlimani. Ripoti ya zana ilikuwa safi, na nilikuwa nimeichapisha nikaibandika ukutani karibu na meza yangu, jambo ambalo leo nalionea haya. Ulikuwa mwezi wa Septemba, magunia yanaingia kila siku. Wiki ile niliamua kubadilisha jina la methodi moja ya mzani, kutoka soma_kilo kuwa soma_uzito, kwa sababu tu nililiona jina jipya kuwa zuri zaidi. Nilitafuta kila mahali ilipoitwa, nikarekebisha, majaribio yakapita. Palibaki mahali pamoja, kwenye hatua ya kupima upya gunia ambalo mwenyewe ameukataa uzito wake, kwa sababu hapo jina la methodi lilikuwa limeandikwa ndani ya jedwali la mipangilio na wala halikuwa ndani ya msimbo.

Siku ya tatu mama mmoja alisomewa kilo 48.5 akakataa, akasema amepima nyumbani na gunia lake lina zaidi ya 50. Ni haki yake. Karani akabonyeza Pima Upya, na skrini ikajaa mistari myekundu ya Kiingereza. Akabonyeza tena, ikawa hivyohivyo. Foleni ilisimama saa moja na nusu, mpaka karani akafungua kabati akatoa daftari la kaboni. Mimi nilikuwa huku mjini nikijaribu kumwelekeza kwa simu, na katikati ya maelezo yangu yule mama aliichukua simu ile akaniuliza, "Mwanangu, mashine imekataa kilo zangu au imenikataa mimi?" Sikuwa na jibu. Asubuhi ileile, kwa mujibu wa karatasi iliyokuwa ukutani kwangu, klasi ile haikufungamana na klasi yoyote.

Kwa Java, kosa la namna ile lingekataliwa na kompaila, yaani mtafsiri wa msimbo kwenda lugha ya mashine, kabla halijatoka mezani kwangu, labda kama ningekuwa nimelificha ndani ya jedwali kwa ujanja uleule, jambo linalowezekana pia huko. Nasema hivyo kwa haki, nisije nikaonekana nimeikana Python, bado naiandika. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, Python ina njia rasmi ya kutaja aina za vitu vinavyopokewa na methodi, na mwandishi anayeitumia hufungua sehemu kubwa ya bomba ili zana ione maji. Lakini hebu fikirini maana yake kwa kipimo: mwandishi mwangalifu anayetaja aina atapata namba kubwa ya mfungamano kuliko mwenzake mzembe anayeziacha, hata kama programu zao zinafanya kazi ileile kwa njia ileile. Uangalifu umeadhibiwa na chekeche.

Nimalizie na mshikamano, na hapa naomba mchukue kalamu, kwa sababu hesabu yake ni ya mkono. Kipimo kinachukua methodi za klasi na kuziunganisha mbili mbili. Jozi ambayo methodi zake hazigusi taarifa yoyote kwa pamoja huwekwa fungu la kwanza. Jozi inayogusa angalau taarifa moja kwa pamoja huwekwa fungu la pili. Ukitoa idadi ya fungu la pili kutoka idadi ya fungu la kwanza unapata ukosefu wa mshikamano, na jibu likiwa chini ya sifuri linaandikwa sifuri.

Chukueni klasi ya Mkulima yenye taarifa tatu: jina, namba ya uanachama na simu. Mwandishi wa Java aliyefunzwa kimapokeo atazificha zote tatu, kisha ataandika kwa kila moja methodi ya kuisoma na methodi ya kuibadilisha. Hizo ni methodi sita, na methodi sita zinatoa jozi 15. Ni jozi ngapi zinazogusa taarifa moja kwa pamoja? Tatu tu: ya kusoma jina na ya kubadilisha jina, na vivyo hivyo kwa namba na simu. Jozi 12 hazina uhusiano. Kumi na mbili kutoa tatu ni 9. Mwandishi wa Python ataziacha taarifa zile tatu wazi, kama desturi ya lugha yake inavyomfundisha, wala hataandika methodi hata moja ya kuzisoma. Ukosefu wake wa mshikamano ni 0. Tisa na sifuri, kwa mkulima yuleyule mwenye simu ileile! Tena, kwa kipimo cha kuficha taarifa, ambacho wengi wetu tunakiheshimu, yule wa Java ndiye aliyefanya vizuri. Na tangu mwaka 2021, katika Java 16, kuna klasi fupi ziitwazo rekodi, ambazo methodi zake za kusoma hutengenezwa na lugha yenyewe. Zana inayosoma msimbo ulioandikwa na binadamu haitaziona, na zana inayosoma msimbo uliokwisha kutafsiriwa na kompaila itaziona zote.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha taasisi moja, ambayo sitaitaja, ambapo mfumo mzima uliamriwa uhamishwe kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa sababu ya jedwali la namba za aina hii. Nilieleza hesabu ya Mkulima ubaoni kama nilivyoieleza hapa. Mwenyekiti wa kikao alinisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema jedwali limekwisha kupelekwa ngazi ya juu.

Je, tuvitupe vipimo hivi? Hapana. Mwaka 1996 Victor Basili, Lionel Briand na Walcélio Melo walivijaribu kwenye miradi ya C++ iliyoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakaona kwamba vitano kati ya sita vilisaidia kutabiri klasi zitakazokuwa na hitilafu. Kilichoshindwa ni hiki cha mshikamano tulichokihesabu sasa hivi. Lakini zingatieni kwamba ilikuwa lugha moja, na miradi iliyofanana. Halafu mwaka 2001 Khaled El Emam na wenzake wakaleta maji ya baridi: walionyesha kwamba klasi kubwa huwa na namba kubwa na pia huwa na hitilafu nyingi, na kwamba ukishaondoa athari ya ukubwa, uhusiano uliokuwa ukishangiliwa hutoweka. Na lugha zetu hazilingani kwa ukubwa wa klasi hata kidogo. Kwa hiyo mtu akiniletea jedwali la Java na Python, kabla sijatazama safu nyingine yoyote naomba ile ya idadi ya mistari, na mara nyingi haipo.

Mimi hulinganisha hivi. Kazi ileile, ndogo, nawapa watu walewale, waiandike kwa lugha zote mbili, na wa kwanza kuanza na Java wawe nusu, wa kwanza kuanza na Python wawe nusu nyingine, maana mara ya pili kila mtu huwa ameshaijua kazi. Kina cha urithi nakihesabu kuanzia pale msimbo wetu unapoanza, mababu wa maktaba nawaacha nje. Methodi za kusoma na kubadilisha taarifa naziondoa kwenye hesabu ya mshikamano. Mfungamano nauhesabu programu ikiwa inaendeshwa, pale ninapoweza, ili bomba lisinifiche kitu. Kisha kila klasi nailinganisha kwanza na ndugu zake wa lugha ileile, na ile iliyojitenga nao sana ndiyo ninayoifungua na kuisoma kwa macho. Ni kazi ya siku mbili tatu, haitoki kwa kubonyeza kitufe, na ndiyo maana wengi hawaifanyi.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Baada ya chai, wale mliokuja na kompyuta tutabaki ukumbi mdogo kuandika klasi ya Mzani kwa lugha tatu na kuihesabu kwa mkono ubaoni, ikiwa ni pamoja na ile hatua ya Pima Upya. Wazee wanakaribishwa pia. Tunahitaji mtu wa kukataa kilo.